Sura ya Sita: Nani Ameitisha Kikao?

Katika miaka ya 1970, mtoto wa Kimaori aliyekamatwa kwa wizi mdogo mjini Auckland alipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumwona mtu wa kwao. Polisi alimkamata, ofisa wa ustawi wa jamii akaandika ripoti, hakimu akaisoma, na gari la serikali likampeleka kwenye makao ya wavulana ya Owairaka, au Kohitere huko Levin ikiwa umri wake ulikuwa umesogea. Babu na bibi hawakuulizwa. Wajomba na mashangazi hawakuitwa. Sheria iliwajua baba na mama peke yao, na mara nyingi ofisi iliwachukulia hao kuwa ndio chanzo cha matatizo ya mtoto.

Sura hii inakaa New Zealand kwa sababu huko ndiko haki rejeshi ilikoandikwa kwa mara ya kwanza kuwa sheria ya kila siku kwa watoto wa nchi nzima, na iliandikwa kujibu shutuma ya ubaguzi wa rangi. Ninaposema haki rejeshi nina maana ya utaratibu unaowakalisha pamoja aliyedhuru, aliyedhuriwa na watu wao, wakaulizana nini kimeharibika na kitatengenezwa vipi, dola isiachiwe peke yake kupima kosa na kutoa adhabu. Msomaji aliyekulia karibu na baraza la wazee hatalishangaa wazo hilo. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni yaliyolipata wazo lilipoingia serikalini.

Wamaori walikuwa wenye nchi. Mwaka 1840, pale Waitangi, machifu wao walitia saini mkataba na Malkia wa Uingereza. Maandishi ya Kimaori ya mkataba huo yaliwahakikishia mamlaka kamili juu ya ardhi, makazi na tunu zao. Miaka 23 baadaye bunge la walowezi lilipitisha sheria ya kutaifisha ardhi ya makabila yaliyohesabiwa kuwa waasi, na watu wa Waikato peke yao wakapoteza zaidi ya ekari milioni moja. Shuleni watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, ulikuja uhamaji wa kasi: mwaka 1945 karibu robo tatu ya Wamaori waliishi vijijini, na katikati ya miaka ya 1970 hesabu ilikuwa imegeuka, robo tatu wakiwa mjini. Walifika viwandani na bandarini, wakapangishiwa nyumba za pembezoni, mbali na wazee, mbali na makaburi, mbali na marae, yaani ule uwanja na jumba la ukoo ambamo mambo ya watu huzungumzwa na kumalizwa. Watoto wa wahamiaji hao ndio waliojaza makao ya serikali.

Siri ya makao hayo haikufichuliwa na serikali. Mwaka 1978 kikundi cha kupinga ubaguzi cha Auckland kilichojulikana kama ACORD, pamoja na vijana wanaharakati wa Kimaori wa Ngā Tamatoa na jumuiya ya Arohanui, waliitisha uchunguzi wao wenyewe wa hadharani. Walitoa nje habari za watoto waliofungiwa peke yao katika vyumba vya kufuli, na za makao ambamo wengi walikuwa watoto wa Kimaori huku wenye mamlaka wakiwa Wazungu. Maofisa walikana, wakanung'unika, na hatimaye wakalazimika kusikiliza. Mwaka 1985 waziri wa ustawi wa jamii, Ann Hercus, aliunda kamati chini ya John Rangihau, mzee wa kabila la Tūhoe. Kamati ilizunguka kutoka marae moja hadi nyingine ikisikiliza. Ripoti yake, Puao-te-Ata-tu, ilisema wazi kwamba idara ya ustawi wa jamii ilikuwa na ubaguzi wa rangi uliojengwa ndani ya taratibu zake, hata pale ambapo hakuna ofisa mmoja aliyekusudia ubaya. Mtoto wa Kimaori, ilieleza, ni wa ukoo na kabila kabla ya kuwa wa wazazi wawili, na uamuzi juu yake ufanywe pamoja na hao.

Sheria mpya ya watoto na vijana, iliyofuata ripoti hiyo, ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 1989. Yafaa kuieleza jinsi inavyofanya kazi, maana wengi wanaoisifu hawajawahi kuitazama kwa karibu.

Kijana wa miaka 14 hadi 16 (tangu 2019 wa miaka 17 pia wameingizwa) anapofanya kosa, polisi hawapaswi kumfikisha mahakamani ikiwa kuna njia nyingine ya kulimaliza bila kuhatarisha umma. Kesi nyingi huishia kwa onyo, au kwa mpango mdogo: kumwandikia barua aliyeibiwa, kulipa kidogo kidogo, kufanya kazi fulani ya jamii. Zilizo nzito zaidi huenda kwenye kikao cha familia. Mauaji hayaingii humo. Mratibu, ambaye ni mtumishi wa serikali, huwatafuta ndugu, na si wazazi tu: kaka, binamu, bibi, mlezi, mtu yeyote ambaye ukoo unamhesabu. Huwatafuta pia waliodhuriwa. Huja ofisa wa polisi wa vijana na wakili wa kijana.

Polisi husoma maelezo ya kosa, na kijana huulizwa kama ndivyo ilivyokuwa. Akikana, kikao hakiwezi kuamua hatia, na mambo hurudi mahakamani. Akikiri, aliyedhuriwa hupewa nafasi ya kusema kilichompata, na humo ndimo kijana husikia kwa mara ya kwanza kwamba yule mama aliyevunjiwa nyumba hajalala vizuri tangu siku hiyo. Baada ya hapo wageni wote hutoka chumbani. Familia hubaki peke yake kwa muda inaouhitaji, ikisemezana kwa lugha yake, ikilaumiana, ikikumbushana, mpaka itoke na pendekezo. Nadhani hapo ndipo moyo wa sheria yote ulipo. Dola inatoka nje na kufunga mlango. Wakirudi wote, hujadili pendekezo na kukubaliana. Wakikubaliana, Mahakama ya Vijana kwa kawaida hulipokea. Jaji haruhusiwi kutoa hukumu kwa kijana huyo kabla ya kikao kufanyika.

Mick Brown, jaji wa Kimaori, ndiye aliyewekwa kuwa mkuu wa kwanza wa Mahakama hiyo ya Vijana. Idadi ya watoto waliofikishwa mbele ya majaji ilianguka ghafla baada ya 1989, na makao makubwa ya serikali yakafungwa moja baada ya jingine. Taifa halikuporomoka. Wajumbe walikuja kutoka Australia, Uingereza, Canada na Marekani kujifunza, na wazo la kikao cha familia likasafiri mpaka likaingia katika sheria ya haki ya watoto ya Afrika Kusini ya mwaka 2008. Mwaka 2002 New Zealand yenyewe iliingiza haki rejeshi katika sheria za hukumu za watu wazima, na tangu mwishoni mwa 2014 mahakama ya wilaya hulazimika kuahirisha hukumu ya aliyekiri, ikiwa kuna aliyedhuriwa, ili iulizwe kama kikao kinawezekana.

Mtu akiishia hapo, atasema kazi imekwisha. Lakini leo Wamaori ni takriban asilimia 17 ya watu wa New Zealand, na ni zaidi ya nusu ya wafungwa wake. Kwa wanawake uwiano ni mbaya zaidi. Watoto wa Kimaori ni karibu theluthi mbili ya watoto walio chini ya uangalizi wa serikali. Katika Mahakama ya Vijana, idadi ya vijana wa rangi zote imepungua sana kwa miaka mingi, ila ya vijana wa Kizungu imepungua kwa kasi kuliko ya wenzao, kiasi kwamba fungu la Wamaori miongoni mwa wanaobaki limekua. Sheria iliyozaliwa kutokana na malalamiko ya Wamaori imewafaa watoto wote, na imewafaa zaidi wale ambao hawakuwa na malalamiko hayo.

Imekuwaje? Wengine wamerudia jibu la zamani kwamba tatizo liko katika familia zenyewe. Mimi silikubali, kwa sababu sheria hii ina milango kadhaa na kila mlango una bawabu. Wa kwanza ni polisi barabarani. Yeye ndiye anayechagua kati ya onyo, mpango mdogo na mashtaka, na uchaguzi huo hufanyika kabla mratibu hajampigia simu ndugu yeyote. Kijana anayefahamika kwa jina la ukoo wake, aliye na kaka gerezani, anayeishi mtaa unaopitiwa na gari la doria kila jioni, hufika mlangoni akiwa ameshapimwa. Mwaka 2015 kamishna wa polisi, Mike Bush, alikiri hadharani kwamba jeshi lake lina upendeleo usio wa makusudi dhidi ya Wamaori. Bawabu wa pili ni fedha. Mpango uliokubaliwa kikaoni, kwamba kijana aende akakae na mjomba shambani, arudi shule, apate matibabu ya ulevi, ni karatasi tu pasipo mtu wa kulipia nauli na karo. Ukoo ulipewa neno, na bajeti ikabaki ofisini.

Waliodhuriwa nao walipungukiwa. Gabrielle Maxwell na Allison Morris, watafiti waliofuatilia vikao vya miaka ya mwanzo, walikuta kwamba waliodhuriwa walihudhuria katika karibu nusu tu ya vikao. Wachache mno ndio waliosema hawataki kukutana na kijana. Wengi hawakualikwa ipasavyo au walipangiwa saa wasiyoiweza. Jambo hili linanigusa kwa sababu aghalabu husahaulika kwamba Wamaori hawajazi magereza tu, wao pia huibiwa na kupigwa kuliko wengine. Haki isiyomtafuta mama aliyevunjiwa nyumba inawadhulumu watu walewale mara mbili.

Moana Jackson aliyaona haya mapema. Mwanasheria huyu wa Ngāti Kahungunu na Ngāti Porou, aliyefariki mwaka 2022, alitoa mwaka 1988 ripoti iliyoitwa He Whaipaanga Hou, baada ya kuzungumza na maelfu ya Wamaori juu ya sheria ya jinai. Hakuomba vikao vyenye ladha ya Kimaori ndani ya mahakama za Kiingereza. Aliuliza kwa mamlaka gani mahakama hizo zinamhukumu Mmaori, ikiwa mkataba wa 1840 uliwaachia machifu madaraka juu ya watu wao, na akapendekeza mfumo wa haki wa Wamaori wenyewe. Waziri wa sheria wa wakati huo, Geoffrey Palmer, alilikataa pendekezo hilo. Mwaka uliofuata kikao cha familia kikapita bungeni. Msomi Juan Tauri, naye wa Ngāti Porou, ameandika kwa miaka mingi kwamba serikali ilikopa sura ya mila na kuacha madaraka yake, kisha ikaiuza dunia nzima kuwa ni haki ya Kimaori. Ni maneno makali, na wapo waratibu wengi wa Kimaori waliojitoa mhanga ndani ya vikao hivyo ambao lazima yanawauma. Hata hivyo naamini Tauri amegusa penye jipu.

Jaribio la pili la kuurudisha ukoo katika haki ya vijana lilianzia Gisborne, mji wa pwani ya mashariki. Tarehe 30 Mei 2008, katika marae ya Te Poho-o-Rawiri, Jaji Heemi Taumaunu alifungua kikao cha kwanza cha Mahakama ya Rangatahi, yaani mahakama ya vijana inayokaa ndani ya jumba la ukoo. Sheria ni ileile na adhabu ni zilezile. Kinachobadilika ni mahali na watu. Kijana anapokewa kwa pōwhiri, mapokezi rasmi ya nyimbo na hotuba, sawa na mgeni yeyote mwenye heshima. Wenyeji na wageni hugusanisha pua. Wazee wa kiume na wa kike huketi ubavuni mwa jaji, na wao ndio humsemesha kijana kwanza. Polisi nao huja wakiwa wageni wa ukoo, wakivua viatu mlangoni kama wengine.

Kisha kijana husimama na kutoa pepeha yake: mlima wake ni upi, mto wake ni upi, mababu walikuja kwa mtumbwi gani, yeye ni wa kabila gani. Wengi wa vijana hawa huanza bila kuijua. Walikulia mjini, baadhi katika nyumba za kulelewa, na hakuna aliyewaambia. Kuijifunza ni sehemu ya kazi wanayopewa kati ya kikao kimoja na kingine, na hutokea mzee akamsikia kijana akitaja mlima, akamwambia kwamba alimjua babu yake. Kuanzia hapo mazungumzo huwa ya jamaa. Mzee ana haki ya kumkaripia, na ana wajibu wa kumuuliza wiki ijayo kama amekwenda shule. Chai na chakula hufuata, na polisi, kijana na wazee hula pamoja. Mahakama hizi sasa zimezidi kumi na mbili nchini humo, na Taumaunu alikuja kuwa jaji mkuu wa mahakama za wilaya mwaka 2019.

Naziheshimu sana mahakama hizi, na siungani na wanaozidharau kuwa ni maonyesho ya utamaduni. Kumrudishia mtoto jina la mlima wake ni fidia halisi kwa mtoto ambaye dola ndiyo iliyomtenga nao. Lakini kijana huyo amefika hapo akiwa ameshashtakiwa. Kikao cha familia kimeshafanyika, mpango umeshaandikwa, na anayetia saini mwisho wa siku ni jaji. Wazee huketi kwa kukaribishwa na mahakama, ndani ya nyumba yao wenyewe.

Upande wa pili wa serikali hiyohiyo kuna ofisi nyingine inayorejesha kwa kipimo tofauti kabisa. Baraza la Waitangi, lililoundwa mwaka 1975, lilipewa mwaka 1985 uwezo wa kuchunguza dhuluma tangu 1840. Mwaka 1995 watu wa Waikato-Tainui walikubaliana na serikali juu ya ardhi na fedha za thamani ya dola milioni 170 za nchi hiyo, na Malkia Elizabeth akaitia saini mwenyewe sheria yenye maneno ya kuomba radhi. Ngāi Tahu wa kisiwa cha kusini walifuata mwaka 1998. Kiasi hicho ni sehemu ndogo ya kilichochukuliwa, lakini ona tofauti: kwa ardhi, serikali hukaa mezani ikiwa mkosaji, inakiri, inaomba radhi, inalipa. Kwa mtoto aliyeiba gari, serikali hukaa mezani ikiwa mwitishaji wa kikao, na hakuna anayeisomea maelezo ya kosa lake. Kati ya shamba lililotaifishwa 1863, nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji, makao ya Owairaka na mjukuu aliye rumande kuna njia moja iliyonyooka, na utaratibu wa kisheria umeikata katikati.

Kwa muda mfupi ilionekana kwamba njia hiyo itaunganishwa. Mwezi Mei 2019, katika hospitali moja ya Hastings, maofisa wa wizara ya watoto walijaribu kumchukua mtoto mchanga kutoka kwa mama kijana wa Kimaori, huku wakunga na watu wa ukoo wakisimama kati yao. Picha za video zilioneshwa, na nchi ikawaka. Miezi miwili baadaye kilianza kutumika kifungu cha 7AA cha sheria ileile ya 1989, kilichokuwa kimeshapitishwa, kikimtaka mkuu wa wizara hiyo kupunguza tofauti kati ya watoto wa Kimaori na wengine na kushirikiana na makabila. Mwaka 2021 Baraza la Waitangi lilisema dola imevunja mkataba katika jinsi ilivyowachukua watoto, na kwamba Wamaori wenyewe waongoze mageuzi. Mwaka 2025 bunge likakifuta kifungu hicho. Waziri aliyesukuma mabadiliko hayo, Karen Chhour, ni Mmaori aliyepitia malezi ya serikali akiwa mtoto, na hoja yake ni kwamba kifungu kilitanguliza asili ya mtoto kuliko usalama wake. Hoja ya mtu aliyeyapitia haistahili kupuuzwa. Bado naona amelenga pasipo, kwani historia ya makao ya serikali ndiyo inayoonyesha mtoto huwa salama kiasi gani anapoondolewa kwao. Tume ya kifalme iliyochunguza unyanyasaji katika malezi ya serikali na ya taasisi za dini ilikadiria mwaka 2024 kwamba kati ya watu wapatao 655,000 waliopitia malezi hayo kuanzia 1950 hadi 2019, hadi 200,000 walinyanyaswa. Waziri mkuu aliomba radhi bungeni mwezi Novemba mwaka huo.

Kwa hiyo nayatazama kwa matumaini makubwa zaidi mambo yanayofanyika kwa sauti ndogo. Yapo mabaraza yanayoitwa Te Pae Oranga, yanayoendeshwa na makabila kwa makubaliano na polisi. Mtu aliyefanya kosa dogo na kulikiri hapelekwi mahakamani. Hupelekwa mbele ya watu wa jamii, mara nyingi pamoja na aliyedhuriwa. Wanaanza kwa kuuliza kosa limetoka wapi. Wamaori wengi huingia katika mikono ya sheria kwa kuendesha gari bila leseni: hakuna basi, kazi iko mbali, gari ni la shangazi, na ada ya mtihani haipo. Mahakamani hilo huzaa faini, faini huzaa deni, deni huzaa kosa la pili, na mtu hupata rekodi inayomfungia ajira. Mbele ya baraza, mtu huyohuyo huandikishwa darasa la udereva, hutafutiwa ada, husindikizwa kwenye mtihani, na hutoka akiwa na leseni mfukoni. Bawabu bado ni polisi, na yeye ndiye anayechagua nani apelekwe. Makabila yanayoendesha mabaraza haya yanadai sasa kuwa na sauti katika uchaguzi huo pia, na kuwa na fedha yao ambayo hayalazimiki kuiomba kila mwaka.